Hotuba ya Kuzindua Mtambo wa Kutambua Simu Zinazovuka Mpaka, Maore

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye hakufika ila kiti chake kimefika na kimefunikwa kitambaa. Waheshimiwa wazee wa Gonja na Maore. Wachungaji wa makanisa na wachungaji wa ng'ombe. Ndugu zangu mlioteremka kwa miguu kutoka Mhezi. Akina mama wa kwaya. Na wewe uliyekuja kwa sababu umesikia kuna pilau. Ambaye sikumtaja asinune, kikao ni chake pia.

Mimi Hezroni, mwenyekiti wenu kwa mwaka wa kumi na tisa, mhitimu wa darasa la nne la zamani, lile lililokuwa zito kuliko kidato cha nne cha leo (makofi, upande wa ndugu zake), nasimama kuzindua Mradi wa Otentikesheni ya Romingi baina ya Kori Netiweki na Kori Netiweki, jina ambalo nimelisoma mwenyewe bila miwani.

Tatizo mnalijua. Ukichunga kule mpakani, simu yako inaacha mnara wetu inadaka mnara wa nchi jirani. Mnara ule unaona mgeni. Inabidi uulize mtandao wa nyumbani, huyu ni wenu? Na wa nyumbani ujibu kwa siri inayojulikana na wenyewe na ile laini yako tu. Tena kabla ya kuulizana, mitandao yenyewe lazima ijuane, maana tapeli yeyote anaweza kusimama katikati akajiita nyumbani. Isipoelewana, simu yako inabaki tochi. Ndiyo maana mwezi uliopita Loserian alikaa siku sita mpakani na mifugo, na mkewe Nashipae, huyu hapa mbele, hakujua kama mume yu hai au vipi. (Minong'ono.)

Nashipae akaja ofisini. Akasema, "Shikamoo mwenyekiti. Sina mengi. Nataka mume wangu akipiga nijue ni yeye, na akinisikia ajue ni mimi."

Nikamjibu, "Marahaba mwanangu, serikali imekusikia," nikaunda kamati.

Kamati ilikaa vikao kumi na vinne na kumaliza mbuzi watano. Nikawaambia wajumbe, hili si jambo geni. Mtu akihamia kijiji kingine, si namwandikia barua ya utambulisho na kugonga muhuri, na huko anapokelewa? Basi simu nayo inahama. Nikaagiza kila simu iletwe nigonge muhuri wa kijiji mgongoni. Nimegonga simu mia tatu na kumi na mbili kwa mkono huu, sawa na asilimia mia moja na nne ya simu zote za kijiji. (Sauti kutoka nyuma: "Yangu wino umeingia kwenye spika.") Asteria, kaa chini, wino huo ni wa serikali.

Fundi Elibariki alikuja kutoka Same mjini akaniambia, "Mzee, mnara hauoni muhuri." Nikamwuliza ana miaka mingapi. Akasema ishirini na sita. Hoja ikapita.

Sasa matokeo. Juzi, Loserian akiwa tena mpakani, Nashipae alipigiwa kwa namba ngeni ya ng'ambo, sauti inakwaruza. "Mimi mumeo, nimeazima simu. Anakuja mtu, mpe ng'ombe waliobaki zizini awalete huku kwenye maji." Na kweli mtu na fimbo yake alishasimama mlangoni. Nashipae hakubabaika. Akauliza, "Ng'ombe aliyempiga mama yangu teke siku ya harusi yetu anaitwaje?" Simu ikakatwa. Yule wa mlangoni naye akakumbuka ana safari. (Vicheko.)

Kesho yake namba nyingine. Nashipae akauliza swali lile lile, akapewa jina. Silitaji hapa, maana na mimi nimenyimwa. Halafu Loserian naye akasema, "Subiri, na wewe niambie mama aliangukia wapi." Nashipae akajibu, "Kwenye kibuyu cha maziwa." Hapo ndipo wakaanza kusalimiana. Ng'ombe wote wapo zizini, na Loserian yule pale ameegemea fimbo yake, mzima. (Makofi marefu. Loserian anainua simu yake yenye muhuri: "Hii ilikuwa mfukoni, mwenyekiti. Haikushika kitu.") Ahsante Loserian, mchango wako umeandikwa.

Huo, ndugu wananchi, ndio uongozi wenye maono. Nikisema Maore, mnajibu inatambulika. Maore. (Wachache: "Inatambulika.") Watoto wamejibu vizuri kuliko wajumbe.

Namalizia kwa shukrani. Namshukuru Mama Honorata kwa kutuazima pipa lake, hilo lililopakwa rangi ya fedha pale juu ya kilima ambalo kwenye ratiba limeandikwa mtambo. Arudishiwe leo hii, ana mahindi ya kuweka. Na namshukuru Nashipae, kwa sababu kamati imepekua makabrasha yote na haikuona mradi mwingine zaidi ya lile swali lake. Wanaopeleka mifugo mpakani wiki ijayo wapite kwake kwanza, kila mtu na mke wake wapange la kuulizana. Ofisini msije. Wino umekwisha.