Maji ya Mtungini Yapewa Kibali cha Kupoa

Kwa niaba ya Wizara, na kwa dhamana niliyopewa ya kuwa Katibu wa Kamati ya Kuingiza Maarifa Asilia katika Somo la Sayansi, nina furaha kuutangazia umma kwamba kuanzia muhula ujao maji ya mtungini yatakuwa baridi rasmi. Hapo awali yalikuwa yakipoa kiholela. Yalipoa majumbani, yalipoa mashambani, yalipoa hata siku za mapumziko, na hapakuwa na mtungi hata mmoja wenye kibali. Serikali makini haiwezi kufumbia macho jambo la namna hiyo.

Nitaeleza tangu mwanzo, maana mitaani watu wameshaanza kusema yao, na wengi wao hawakuwepo. Mimi nilikuwepo, tena kwa barua ya uteuzi.

Mambo yalianza pale mkaguzi wetu alipoingia kidato cha pili cha shule moja bila taarifa na kukuta wanafunzi wanaelewa. Hakuamini macho yake. Katika shule ile sayansi ilikuwa imeanguka miaka sita mfululizo, tena ilianguka kwa utulivu bila kumsumbua mtu. Siku hiyo watoto arobaini na wanne walikuwa wameizunguka meza yenye mtungi wa udongo na ndoo ya plastiki, wanapima joto la maji kwa zamu na kubishana kama mashabiki wa mpira. Binti mmoja alimweleza mkaguzi kwamba mtungi una vitundu visivyoonekana, maji yanapenya polepole yakitoka nje kama jasho, na jasho lile likikauka linaondoka na joto. Ndoo haitoki jasho, ndiyo maana haipoi. Mkaguzi akaandika kwenye fomu yake: "Wanafunzi wanaongea."

Mbele ya darasa alisimama mwanamke wa makamo aliyevaa ovaroli, mikono imejaa udongo hadi viwikoni. Alikuwa mfinyanzi wa mtaa wa nyuma ya shule. Mwalimu wa sayansi, ambaye ni mtoto wa kaka yake, ndiye aliyemwalika, na mwenyewe alikuwa amekaa dawati la mwisho anaandika maelezo. Watoto walikuwa wameshaanza kumwita yule mama Shangazi, wakimwiga mwalimu wao, na sisi wa Kamati tuliishia kumwita hivyohivyo, ingawa kwenye barua tulimwandika Mdau.

Ripoti ya mkaguzi ilipofika kwa Mkurugenzi ilizaa vitu viwili kwa mpigo. Cha kwanza kilikuwa Sera ya Maarifa Asilia, kwa sababu Mkurugenzi alilipenda wazo lile hadi akalifanya lake. Cha pili kilikuwa barua ya kumtaka mwalimu ajieleze kwa nini asiondolewe darasani, kwa kosa la kutekeleza sera wiki tatu kabla haijatungwa.

Naomba ieleweke kwamba vitu hivyo viwili havikupingana. Mkurugenzi wetu ni mtu wa mpangilio. Ofisini tunamwita Bwana Ratiba, akiwa hayupo, na kwake jambo jema likifanyika kabla ya tarehe yake ni utovu wa nidhamu sawa na jambo baya.

Kamati ikaundwa, wajumbe saba, Mkurugenzi akiwa Mwenyekiti na mimi Katibu, na kikao cha kwanza kilichukua siku tatu kufafanua maarifa asilia ni kitu gani. Tulikubaliana kuwa ni mambo yote ambayo wananchi wanayajua bila sisi kuwaambia. Siku ya nne tukapitisha sifa za mwenye maarifa hayo: awe na miaka isiyopungua sabini, sauti yake itetemeke kidogo, na asiwe na simu. Shangazi alikuwa na miaka arobaini na tisa, sauti ya kuita mtu ng'ambo ya barabara, na simu mbili.

Hata hivyo tulimpa fomu ajaze, maana sisi si wabaguzi. Penye chanzo cha maarifa aliandika "Bibi yangu". Penye jina la mchapishaji aliandika "Bibi yangu huyohuyo". Penye anwani ya mchapishaji aliandika "Makaburini, mstari wa tatu, ukiingia geti la kushoto". Fomu ilirudishwa kwa kukosa sanduku la posta.

Wiki hiyo mwalimu alikuja ofisini kwangu. Alikaa kwenye ncha ya kiti, barua ya kujieleza ameikunja mara nne mkononi. Nilimweleza kwamba faili lake linakwenda vizuri, na kwamba akiondolewa darasani hatatupwa, atapangiwa kusimamia ghala la madawati mabovu.

"Mzee, nitakuwa mkweli, naogopa," aliniambia. "Ghala nitalizoea. Ila wale watoto nikiwaacha wanarudi kukariri, na mwisho wa mwaka wanafeli kama kaka zao. Wamechelewa sana kuanza kuelewa, halafu leo mnawanyang'anya."

Nilimwambia hisia zake zimepokelewa na zitapewa namba. Nami nina binti kidato cha pili, na anachojua kuhusu sayansi ni kwamba kitabu chake kina jalada la bluu. Lakini ajenda ni ajenda, basi nikajikaza kisabuni.

Mpango wetu ulikuwa kwamba Kamati yenyewe iwafundishe walimu wote wa sayansi ufinyanzi, kwa semina ya siku mbili. Tatizo lilikuwa Shangazi. Kila tulipokwenda, watu waliuliza kwa nini asifundishe yeye. Ndipo Mkurugenzi akaja na kanuni ambayo, nakiri, niliiandika mwenyewe kwa mwandiko mzuri. Ilisema kwamba mtu yeyote atakayefundisha, kusimamia au kutolea uamuzi jambo lolote linalohusu maarifa asilia shuleni, sharti kwanza afaulu mtihani wa vitendo. Shangazi aliishia darasa la saba, na Mkurugenzi aliamini neno mtihani litatosha kumkimbiza. Waziri akasaini, ikatangazwa, tukapongezana.

Tulikuwa bado tunapongezana mpigachapa wetu alipouliza mtahini atakuwa nani. Alikuwa mama mnyamavu, karibu na kustaafu, na swali lake lilitukera sana. Kati ya wajumbe saba, aliyewahi kuugusa udongo kwa karibu ni Naibu Mwenyekiti, na huyo aliuangukia. Tukaiandikia Ofisi ya Waziri kuomba mwongozo. Jibu lilikuja na mistari miwili: mtahini awe mfinyanzi anayeishi kwa kazi hiyo, na wajumbe wa Kamati watahiniwe kwanza, wawe mfano kwa taifa.

Mfinyanzi anayeishi kwa kazi hiyo, katika mji wetu mzima, alikuwa mmoja tu.

Sasa kesi ya mwalimu ilikuwa imepangwa Ijumaa, na kwa kanuni yetu wenyewe wa kuiamua ni waliofaulu peke yao. Kwa hiyo tulilazimika kufaulu kabla ya Ijumaa ili tumwondoe darasani kihalali. Jumatatu asubuhi tukajipanga uani kwa Shangazi na suti zetu. Mwalimu naye alikuja wakati wa mapumziko yake, akasimama kando ya ukuta, macho yamemtoka.

Shangazi alieleza mtihani bila mbwembwe. Kila mtu afinyange mtungi mmoja mdogo, aukaushe, auchome, kisha autie maji. Udongo uchanganywe na vigae vya vyungu vilivyovunjika, vilivyotwangwa vikawa kama chengachenga, ili usipasuke. Ukaushwe kivulini, siyo juani. Siku kumi na nne.

Mkurugenzi alifungua daftari lake. Akasema ratiba inaonyesha siku mbili, na kwamba vilevile hawezi kuchanganya takataka kwenye mtungi wa Wizara.

"Bosi," Shangazi alimwambia, mikono bado iko ndani ya udongo, "kitakachoamua hapa ni maji yaliyomo humu ndani. Yakitaka kutoka yanatoka kwa wakati wake. Mimi nimefanya kazi hii miaka thelathini na sijawahi kuyaharakisha."

Mkurugenzi aliitisha kikao cha dharura palepale, tumesimama. Kwa kauli moja Kamati iliazimia kwamba udongo utakuwa umekauka ifikapo Jumatano saa nne asubuhi. Niliandika kumbukumbu. Udongo ulikuwepo kikaoni na haukutoa pingamizi.

Kwa siku mbili mitungi yetu ilishinda juu ya boneti ya gari la Wizara, juani, na dereva akiigeuza kila nusu saa. Jumatano saa nne ilikuwa imekauka kabisa kwa nje, hata ilipauka vizuri. Shangazi alipita akigonga mmoja mmoja kwa kidole kilichokunjwa, sikio karibu, kama daktari anayesikiliza kifua. Kwa kila mmoja alisema haujawa tayari, una maji ndani. Mkurugenzi alimwonyesha kumbukumbu za kikao. Alizisoma, akamrudishia, akasema kazi ya mtahini si kumzuia mtahiniwa, akaenda kuwasha nyasi za kuichomea.

Mtungi wa Naibu Mwenyekiti ulitangulia, kwa mlio wa mtu anayepiga kofi. Ukafuata wa Mshauri wa Sheria, halafu mitatu kwa pamoja. Wangu haukulipuka. Ulijigawa katikati kwa adabu, vipande viwili sawasawa, na nilijisikia vizuri mpaka nilipokumbuka kwamba hautashika maji. Wa Mkurugenzi ndio ulikuwa wa mwisho. Ulilia kwa kishindo hadi dereva akalala chini ya gari, na kipande kimoja kikaruka juu ya ukuta kikaenda kuangukia paa la jirani. Jirani alichungulia akauliza kama kuna harusi.

Kisha mwalimu, ambaye kwa busara angenyamaza, akashindwa. Alisogea akatueleza kwamba maji yaliyobaki ndani ya udongo yamepata moto yakageuka mvuke, na mvuke unahitaji nafasi kubwa mara nyingi kuliko maji, na kwa kuwa hatukuupa muda wa kutoka taratibu umejifungulia njia wenyewe. Alichora kwa kijiti ardhini. Sijawahi kuelewa kitu cha sayansi maishani mwangu kama nilivyoelewa pale, mbele ya vigae vyangu viwili. Sikusema, kwa sababu haikuwa kwenye ajenda.

Matokeo yalibandikwa kesho yake. Wote tulipata sifuri, isipokuwa mimi niliyepata alama mbili za nidhamu.

Ijumaa kesi ya mwalimu ikaitwa. Viti saba vya Kamati vilikuwa vitupu, maana hapakuwa na mwenye sifa ya kuvikalia. Tulisimama ukutani kama wasindikizaji. Aliyeruhusiwa kuamua alikuwa mtahini peke yake, kwa kuwa mtahini hatahiniwi, na Mkurugenzi, akiona mlango umebaki wazi kidogo, akamletea fomu ya mgongano wa maslahi. Penye uhusiano na mtuhumiwa Shangazi aliandika "Nilimlea." Penye swali kama uhusiano huo utaathiri uamuzi wake aliandika "Sana." Nilikagua fomu ile mbele na nyuma. Hakuna mahali palipoeleza kinachofuata mtu akijibu hivyo, kwa sababu tangu fomu itungwe hakuna aliyewahi kujibu hivyo.

"Basi, mwanangu, rudi darasani," Shangazi alisema. "Watoto wana kipindi saa tano."

Mwalimu aliinama akalia, hapohapo mezani, bila kujali nani anamwona. Nami nililengwa na machozi. Nililiripoti suala hilo kama vumbi.

Mkurugenzi hakukata tamaa. Alitaka kanuni ifutwe mara moja, lakini Mshauri wa Sheria akamkumbusha kwamba kuifuta ni kutolea uamuzi jambo linalohusu maarifa asilia, na kwa hilo lazima kwanza afaulu. Kifungu cha watahiniwa waliofeli, ambacho tuliwatungia watu wengine, kinasema wahudhurie masomo katika shule ya jirani hadi mtahini atakaporidhika.

Kwa hiyo natoa tangazo hili nikiwa kidato cha pili, mstari wa nyuma. Magoti ya Mkurugenzi hayaingii chini ya dawati, inabidi akae ubavu. Yuko kikundi kimoja na yule binti wa jasho la mtungi, ambaye ameshamwambia mara mbili aache kusoma ratiba na aangalie kipimajoto.

Wiki iliyopita Waziri aliomba taarifa ya maendeleo yetu. Mwalimu aliiandika na Shangazi akaisaini. Kuhusu mimi walisema naelewa ila naogopa kusema, na sikulala vizuri siku hiyo. Kuhusu Mkurugenzi walisema ndani bado ana maji mengi, asikaribishwe kwenye moto wa aina yoyote, aendelee kukaa kivulini. Waziri alicheka sana, nasikia, mpaka wasaidizi wake wakaingia kuangalia. Akaandika pembeni kwa wino mwekundu: "Nimeamua hivyo. Abaki huko."

Taarifa iliporudi, Shangazi aliyasoma yale maandishi mekundu. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, kama mheshimiwa Waziri aliyeamua hivyo ameshafanya mtihani.

Nilinyoosha mkono nikasema hapana, hajafanya. Jumatatu asubuhi likaletwa dawati jingine darasani, nami nikasogea kumpisha.