Asilimia Mia ya Uadilifu

Inatangazwa kwa wananchi wote kwamba dhambi itakoma Runzewe Ijumaa hii, saa nane mchana, mara baada ya mtihani wa mkoa wa Maadili ya Kikristo na Dini.

Tangazo hilo lilibandikwa hadi kwenye mlango wa bucha. Aliyelitia saini ni Thobias Masele, Kaimu Afisa Maadili.

Neno "Kaimu" ndilo lililomnyima raha. Alikuwa nalo mwaka wa sita, na hata mkwe wake alimwita hivyo. Sasa wakubwa wa mkoa walikuwa wamemwahidi: wanafunzi wote themanini na wanne wakifaulu, neno hilo litaondolewa. Akifeli mmoja tu, atastaafu nalo.

Basi, kwa uadilifu mkubwa, Masele akautafuta mtihani kabla ya siku yake. Aliupataje? Ofisi ina njia zake. Akaupeleka mwenyewe Buseresere, kwenye steshenari ya Salmini, asije akaonekana kwao.

"Kopi themanini na nne. Haraka, na usisome."

"Mimi hata sioni kilichoandikwa, mzee," Salmini alijibu. Akaharakisha kama alivyoambiwa.

Jumatatu kambi ya mtihani ikafunguliwa shuleni. Masele akagawa karatasi kwa mkono wake.

"Haya ni maswali tarajiwa," alitangaza.

"Mbona yana mhuri wa mkoa, mheshimiwa?" aliuliza Mwalimu Justa, aliyefundisha somo hilo.

"Tumeyatarajia kwa ukaribu sana."

Swali lilikuwa moja: eleza uaminifu kwa mfano. Masele akashika chaki.

"Msiniletee mifano ya Yerusalemu! Andikeni mlichokiona kwa macho yenu, hapa hapa. Jina kamili, cheo, tarehe, mahali. Bila hivyo ni porojo. Mfano hai: Thobias Masele, Kaimu Afisa Maadili, alirudisha kalamu ya watu."

Wakaimba jina na cheo chake siku nne, mpaka mpishi wa uji akavikariri.

Sesilia, binti wa dawati la mbele, akasimama. "Shikamoo mzee. Na tukiulizwa jambo jingine?"

"Marahaba. Kanuni ni ile ile, binti. Jina, cheo, tarehe, mahali. Usimwogope mtu yeyote!"

Akajipigia makofi, na darasa likamuunga mkono.

Ijumaa Masele alisimama barazani akichungulia dirishani. Baada ya dakika kumi watoto wakageuza karatasi. Sesilia akamtazama Masele kwa muda mrefu, kwa huruma hasa, kisha akainama kuandika. Wote wakainama.

"Wanaandika nini muda wote huo?" Masele alimnong'oneza Justa.

"Wanafuata kanuni yako, mheshimiwa."

Saa nane Justa akamkabidhi karatasi moja ya maswali iliyobaki. Masele akaigeuza kwa mara ya kwanza. Nyuma kulikuwa na swali la pili, ambalo mashine ya Salmini haikuliona: *Eleza tukio la udanganyifu ulilolishuhudia mwenyewe. Maksi sabini.*



Matokeo yakatoka: wamefaulu wote themanini na wanne. Mkoa ulishangaa kidogo kwa nini majibu ya swali la pili yalifanana neno kwa neno, ukachunguza, ukaridhika kwamba hakuna aliyenakili. Mashahidi themanini na wanne walikuwa wameona jambo moja, Jumatatu, darasani kwao.

Ahadi ni deni la ofisi, na ofisi ikalipa. Barua ilikuja na mhuri ule ule. Ilimpongeza kwa asilimia mia, kisha ikamjulisha kwamba neno "Kaimu" limeondolewa rasmi, pamoja na maneno mawili yanayolifuata.