Kichen Pati ya Kelly

Jumapili, 4 Mei

Whitehall, huku Marekani, baridi bado. Uchaguzi wa mzee kiongozi wa ibada ya Kiswahili ni Jumapili ijayo. Lazima nishinde mimi, Eliamini. Mpinzani: Marcellin, Mkongomani wa kwaya. Sauti nzuri, akili ya kawaida.

Leo kaniita Mchungaji Susan, Mmarekani mwenye kanisa tunaloazima mchana. Doug, mpiga kinanda wetu, anafunga ndoa na mwanamume mwenzake. Waumini wa ibada ya Kiingereza wenyewe wamegawanyika, nusu wamenuna. Akaniomba, kwa kuwa mimi ndiye mkalimani, niwaulize watu wetu waziwazi: wako radhi? Kwaya itaimba?

Mtihani. Nikisema, watagombana, na mleta ugomvi hapati kura. Nikasimama ibadani nikatafsiri: Doug anafunga ndoa na mwenzi wake, Kelly. Yeye anaishi Cheektowaga, kule Buffalo. Mko radhi? Vigelegele! Sikusema uongo hata neno moja. Mwenzi ni mwenzi, yeye ni yeye. Mungu aibariki lugha hii.

Nikampa Mchungaji jibu: wamekubali wote. Alitokwa machozi. Doug akanikumbatia, akasema alikuwa na hofu kwamba tutamkataa. Nikajiona mzee kiongozi tayari.

Jumanne, 6 Mei

Balaa. Mama Albina, mwenyekiti wa kina mama, kapiga simu. Kura zao zote zimo kiganjani mwake. Kasema Doug ni mwanawe, kajifunza nyimbo za kwao Upareni bila kuombwa. Kwa hiyo Jumamosi wanamfanyia Kelly kichen pati. Watamfunda.

Nikasema Kelly ana haya sana. Akasema ndiyo sababu afundwe.

Alhamisi, 8 Mei

Nimemwandikia Kelly kuwa shughuli yenyewe ni ya wanawake na inachosha, asijisumbue. Kajibu kwamba amefurahi mno, ataleta keki.

Nsimire wa kwaya anashona kitenge cha bibi harusi kwa kukisia. Akauliza Kelly ni mnene? Nikasema ana mabega.

Jumamosi, 10 Mei

Ukumbi wa chini ya kanisa. Pilau, maputo, kiti cha bibi harusi kimezungushiwa maua. Doug akaingia na Kelly. Ndevu hadi kifuani, keki mkononi. Kina mama wakachungulia nyuma yake wamwone bibi harusi. Mlango ukajifunga.

Marcellin, aliyekuja kufunga spika, akauliza polepole: "Bon, Eliamini. Donc bibi harusi iko na ndevu?"

Nikasema Kiswahili ni lugha pana.

Mama Albina akaniagiza nimwambie Kelly: haiamini ndoa hii, Biblia aliyosomeshwa haimruhusu, na hataiimbia. Lakini mgeni hafukuzwi penye chakula, akae ale. Nikatafsiri: Mama anasema karibu sana, ana furaha. Nsimire, ambaye kazini anahudumia wazee na kushinda akisema Kiingereza, akakohoa. Akatafsiri upya, neno kwa neno.

Doug akaketi ghafla. Akaniuliza: kumbe hawakuambiwa? Niliona aibu kweli. Haikukaa sana.

Wengine walibeba masufuria yao wakaondoka. Nsimire akasema yeye ataimba, maana alipofiwa na mumewe, Doug ndiye aliyekaa naye akalia. Akamfunga Kelly kitenge. Kimemtosha mabegani. Mama Albina akapakua sahani ya kwanza, akamwekea Doug bila kumtazama: "Kula, mwanangu. Neno langu sijalibadili."

Jumapili, 11 Mei

Uchaguzi. Nimepata kura moja. Nilikuwa nimepiga mbili.

Marcellin kashinda. Ukalimani kapewa Nsimire. Baada ya ibada alikaa meza moja na Doug na Mama Albina, wakabishana mpaka chai ikapoa. Hawakuafikiana hata kidogo, na wamepanga kukaa tena wiki ijayo. Sasa huo ndio ukalimani? Kwangu mimi, watu walikuwa wameshakubaliana.

Jumatatu, 12 Mei

Milango ya heri! Binamu yangu Eliakunda kapiga simu kutoka Louisville. Kanisa lao linatafuta mkalimani. Mchungaji wao mpya anahamia na mwenzi wake aitwaye Robin, na waumini wana wasiwasi. Akauliza Robin ni mwanamke au mwanamume?

Nikamwambia Robin ni mwenzi, na mimi nina uzoefu. Kina mama waanze kushona kitenge. Waache nafasi mabegani.