Ukoo wa Bakteria Mliouandikisha Nyumbani Kwangu

Ndugu Mkuu wa Maabara,

Baada ya salamu, ambazo nakupa kwa sababu ya malezi yangu wala si kwa stahili yako, napinga karatasi iliyobandikwa kwenye faili la mke wangu. Amelazwa wodi ya upasuaji akiwa na kidonda cha mguu kisichosikia dawa. Madaktari wanasema hali ikiendelea hivi, mguu utakatwa. Karatasi yenu inasema chanzo ni mimi.

1. Mnadai mmesoma vinasaba vya bakteria wa kidonda chake, herufi kwa herufi, mkavilinganisha na vya bakteria wa jipu langu mlilolipima mwaka jana, mkakuta ni ukoo mmoja. Nimefundisha kusoma miaka thelathini na sita. Maandishi ambayo, kwa maelezo yenu wenyewe, yana herufi nne tu hayana uwezo wa kumsingizia mtu mzima.

2. Mtaalamu wenu, msichana wa umri wa kitinda mimba wangu, aliniambia mbele ya shemeji zangu: "Mzee wangu, hawa wa mama ni wajukuu wa wale wako. Dawa wameizoea humo humo nyumbani." Wameizoeaje? Wanafunzi wangu walikuwa na macho na masikio, na wengi hawakuzoea hata kengele.

3. Mnasema niliwafunza mimi, kwa kuacha dawa siku ya tatu nilipopata nafuu. Aliyepona anameza vidonge vya nini? Vilivyobaki niliviweka kwenye kopo, na kila aliyeugua nyumbani alipata viwili, mkubwa kwa mdogo, bila upendeleo. Eti dozi pungufu huua bakteria wanyonge na kuwaachia wababe uwanja. Haki yangu mmeigeuza kosa.

4. Eti hata bakteria wasio ndugu huazimana kinga, kama majirani wanavyoombana chumvi. Basi wana ujirani mwema kuliko mtaa wetu.

5. Nataka karatasi ifutwe, na bakteria hao waandikwe kuwa ni mali ya hospitali.

Wasalimie wote maabara, na msichana yule pia, ingawa hajaniomba radhi.

Ni mimi ninayedai heshima yangu,
Mwalimu mstaafu, mume wa mgonjwa wa kitanda cha saba.

Baada ya sahihi: Dawa iliyochaguliwa kwa karatasi hiyohiyo imeshusha homa yake tangu jana, na daktari hautaji tena msumeno. Aliniuliza kama nyumbani yupo mwingine anayeumwa, nikasema hayupo. Nilidanganya. Mjukuu wetu ana jipu shingoni tangu Jumatatu. Mwambie yule msichana aje kuchukua usaha leo, kabla sijampa mtoto kidonge chochote.