Kumzoesha Bosi Treni

Jumatatu, 3 Machi

Vita vimetangazwa. Mke wangu amepiga simu kutoka huko anakopima ardhi. Mkataba wake umeongezwa hadi mwisho wa mwaka, na suala la mtoto akae wapi lazima liishe wiki hii. Mama mkwe anamtaka kwake. Anasema mwanamume anayetengeneza redio sebuleni, waya zimetapakaa mpaka chini ya meza, hawezi kulea mtoto wa miezi minane. Mimi namtaka hapa. Ni binti yangu! Tangu mama yake aondoke tunalala chumba kimoja na kuamka pamoja, na yeye ndiye anayepanga saa za kazi humu ndani. Ndiyo maana namwita Bosi.

Masharti ni haya. Jumamosi nimpeleke Bosi kwa mama yake kwa treni, mimi na yeye tu. Mama mkwe atakuwepo stesheni kushuhudia. Tukifika vizuri, narudi naye. Tukifika ovyo, anachukuliwa na bibi yake. Nimesema hakuna shida. Nimekata simu, kisha nimekaa sakafuni.

Jumanne, 4 Machi

Mama mkwe amenipigia kunipa ushauri wa safari. Sikumwomba. Kasema nisimrundikie mtoto nguo, ila nisisahau shati langu la akiba, kwa sababu mtoto akichafuka na aliyembeba anachafuka. Nimeitikia ndiyo mama, ndiyo mama, huku naunga waya. Shati langu! Anayesafiri ni mtoto.

Mimi nina mpango wa kitaalamu. Mtoto analia safarini kwa sababu treni ni kitu kigeni kwake. Basi isiwe ngeni! Nimempakata Bosi na kinasa sauti, tumepanda treni hadi kituo cha pili na kurudi. Sauti nzuri ajabu. Bosi alilia njia nzima, lakini hiyo ndiyo hoja yangu.

Nyumbani nimeisafisha kazi. Sauti ya Bosi nimeitoa. Sehemu za treni kusimama nimezikata zote, zinaharibu mtiririko.

Jumatano, 5 Machi

Ushindi! Nimepanga viti viwili viwili kama behewa. Spika kubwa nimeiweka chini, nimempakata Bosi, nimetikisa magoti. Taka-taka, taka-taka. Kalala fofofo. Baada ya chakula nimerudia, kalala tena. Jirani amegonga akauliza kama nimefungua mashine ya kusaga. Nimemwambia ni malezi.

Ijumaa, 7 Machi

Mchana umeme umekatika, treni ikanyamaza. Bosi akaamka akipiga kelele kama kafinywa. Nimempigia treni kwa mdomo mpaka umeme uliporudi. Nimegundua kwamba mtoto huyu anaogopa umeme kukatika. Si jambo la safarini.

Nimefungasha. Nguo za Bosi za kutosha mwezi, nepi, chupa, thamosi, midoli yote, na spika kwa dharura. Begi halifungi. Nimetoa shati langu, limefunga.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika nimejifungia chooni kwa mke wangu. Nimekwisha.

Tulianza vizuri. Treni ilipoondoka tu, Bosi akafumba macho. Mkabala nasi alikaa mama mmoja na mapacha wake, na mkoba mmoja tu mdogo. Mapacha walikuwa wanagombania mfuniko wa plastiki. Nilimhurumia. Nilimweleza njia yangu kwa upole. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza je, treni ikisimama? Nilimwambia asiwe na wasiwasi.

Treni ikasimama.

Mayowe! Bosi alikunja ngumi, akawa mwekundu, akalia kwa pumzi zote za mwili wake. Treni ikaondoka, akalala. Kituo cha pili, mayowe. Cha tatu, mayowe. Nilimmwagia midoli mapajani, hakuitazama. Nikakumbuka spika! Nikaitoa kwa mbwembwe, nikatafuta pa kuchomeka. Inatumia umeme wa ukutani. Kazi yangu ni spika, sina kazi nyingine duniani, na sikulifikiria hilo.

Ikabidi nipige treni kwa mdomo. Kituo baada ya kituo, taka-taka, taka-taka, huku mama wa mapacha akitazama dirishani kwa adabu. Kisha treni ikasimama porini, ikisubiri nyingine ipite. Ikasubiri. Midomo ikaniganda, pumzi ikaniishia. Mzee aliyekaa nyuma yangu akanipokea. Taka-taka. Mama wa mapacha akafuata, na mapacha, na mwishowe behewa zima, treni imetulia tuli. Mkaguzi wa tiketi akafungua mlango na kuuliza kuna nini. Akaambiwa na yeye asaidie.

Kwa furaha nikampa Bosi maziwa, chupa nzima, huku namtikisa magotini. Yalirudi yote, kifuani pangu.

Mtoto nilimbadilisha nguo mara moja, alikuwa na za kuchagua. Mimi nilivua shati nikabaki nalitazama. Mama wa mapacha alitoa blauzi yake ya akiba, ya maua, akanipa. Nikakataa, nina heshima zangu. Nikajifunga blanketi la Bosi, lile lenye picha za kondoo.

Ndivyo nilivyoshuka. Nilimwona mke wangu akitabasamu kabla hajanifahamu vizuri. Nikamwamkia mama mkwe shikamoo.

"Marahaba," akasema. "Shati liko wapi?"

Jumapili, 9 Machi

Nyumba ya mke wangu iko kimya. Nje kidogo ya mji, hata mbwa hakuna. Bosi hakulala mpaka nimpigie treni, na kila nikinyamaza anaamka. Mama mkwe alikaa akitutazama, mikono mapajani. Afadhali angenisema.

Asubuhi mke wangu amenimiminia chai mwenyewe, nikajua mambo yameharibika. Nimejitetea kwamba kasoro ilikuwa treni yenyewe, inasimama mno.

"Najua unampenda," amesema. "Lakini umemfundisha mtoto kuogopa kimya."

Nilikuwa na majibu mengi kwa mama mkwe. Hapo nimeinamia chai, nikaikoroga mpaka ikapoa.

Bosi amekwenda na bibi yake. Mimi nimerudi peke yangu na begi la midoli. Treni ilisimama vituo vyote, na hakuna aliyelia. Nilitamani mtu alie.

Alhamisi, 13 Machi

Viti bado vimepangwa kama behewa. Sijavigusa. Wateja wanaviruka wakija kuchukua redio zao. Nimemkumbuka Bosi, na kazi haziendi. Redio moja nimeifungua na kuifunga bila kuitengeneza.

Jioni simu ya mama mkwe. Sauti imemkauka. Bosi halali. Kambeba mgongoni, kamwimbia, kamzungusha nyumba nzima, wapi. Nyuma yake namsikia Bosi mwenyewe akilia.

"Baba, fanya hiyo treni yako," amesema.

Nimefanya. Kwa mdomo, simu imebanwa sikioni, nimekaa kwenye kiti chetu cha dirishani. Taka-taka, taka-taka. Kilio kikapungua, kikawa kwikwi, kikaisha. Nimeendelea muda mrefu baadaye, sikutaka kufika. Mama mkwe akanong'ona nipige tena kesho, akakata. Nimelia, sioni aibu kuandika.

Jumamosi, 15 Machi

Matumaini! Mama mkwe kakubali niende mwisho wa mwezi. Kasema nikikaa na mtoto siku mbili kwa utulivu, akazoea kulala kimya, nitaruhusiwa kurudi naye. Na kanikumbusha shati.

Kwake hakuna reli, ni basi tu. Kichwa kikaanza kufanya kazi hapo hapo. Mtoto aliyezoea treni atapandaje basi ghafla? Atashtuka! Leo nimeshinda ndani ya basi na kinasa sauti. Injini imetoka safi sana. Nimekata honi, nimekata makelele ya kondakta, nimekata na vituo vyote, vinaharibu mtiririko. Kuanzia kesho jioni sitampigia tena treni kwenye simu. Nitampigia basi, azoee mapema.

Spika nimenunua mpya, ya betri, kubwa kuliko ile. Shati la akiba nilitangulia kulitia begini, chini kabisa, mama mkwe asije akauliza tena. Nimelitoa. Spika ilikuwa haiingii.