Gari la Mikate la Mzee Nasuru

Mzee Nasuru alifariki Jumatatu alfajiri, na alasiri ilimkuta ameshazikwa. Jumanne asubuhi gari la bekari yake ya Walukuba, mjini Jinja, lilikuwa limejaa mikate mia sita, na hakuna aliyejua lianzie wapi.

Kwa miaka ishirini na miwili Mzee alilipeleka mwenyewe hadi Mbale. Hakuwahi kuandika njia. Alfajiri alisikiliza matangazo ya vifo redioni, kwa sababu penye msiba watu hunywa chai, na duka la karibu huhitaji mikate mara tatu. Kisha simu zilianza: huyu aongezewe, yule apunguziwe, shule ya Nakalama imefunga. Akishika usukani, yote yalikuwa yameshajipanga kichwani. Sasa simu yake ililia mezani. Binti yake Hajarah alijibu, akaandika, akafuta. Wenye maduka wa Mbale walikuwa wamemwambia kwa upole kwamba mikate isipofika leo, kesho watanunua kwa mwingine.

Lukman alilisikia tangazo la msiba akiwa sokoni Jinja, akimuuzia mtu saa ambayo haikuwa yake. Muungwana akisikia msiba husema innalillahi. Lukman naye alisema innalillahi, kisha akauliza, "Na gari kaachiwa nani?"

Saa mbili alikuwa bekari, kanzu nyeupe imepigwa pasi, simu kubwa mkononi.

"Pole sana, dada Hajarah. Mimi Lukman. Mzee alikuwa kama baba yangu, wallahi."

"Ahsante. Mlijuana wapi?"

"Barabarani," alisema Lukman. Jibu zuri, maana barabara ni ndefu. "Ndiyo sababu nimeleta simu hii. Inapanga njia yenyewe. Mteja akibadili oda, nayo inabadili: anzia huku, ruka kule."

"Mbale inaijua?"

"Kuliko waliozaliwa huko. Ila haipendi mkono mgeni. Nitaendesha mimi, tena peke yangu. Ikisikia maongezi inachanganyikiwa."

Hajarah aliitazama simu ile. Kioo kilikuwa cheusi kabisa. Aliona uso wake tu humo. Akamkabidhi ufunguo.

"Mungu akulipe, bwana Lukman. Kunywa chai kwanza."

Lukman alikunywa vikombe vitatu, kwa heshima ya marehemu. Hajarah alitoka nje kidogo kupiga simu.

Mpango wa Lukman ulikuwa mwepesi. Mbale alikuwepo Zubairi, mnunuzi wa magari asiyependa maswali. Atachukua gari, na mikate iwe nyongeza.

Alifika Bugembe tu, hapo nje ya Jinja. Watu walikuwa wamesimama katikati ya barabara. Mama mmoja mwenye duka alifungua mlango wa gari.

"Wewe ndiye Lukman?"

Lukman alishika gia. "Nani kasema?"

"Redio! Imetangaza gari la Mzee linapita, linaendeshwa na mwanawe Lukman wa kanzu nyeupe. Kila mteja asimame njiani, achukue mikate anayotaka leo, na ampe mkono wa pole. Pole, mwanangu! Asubuhi nilisema thelathini, sasa nipe hamsini, tuna dua."

"Na malipo?" aliuliza Lukman kwa matumaini.

"Tumeshatuma kwa simu ya dada yako."

Iganga ilikuwa hivyo hivyo. Nakalama madereva wa boda walimsindikiza wakipiga honi. Kufika Tirinyi Lukman alikuwa akilia, na kilio kilikuwa cha kweli, ingawa si kwa sababu waliyoidhani.

Mbale walichukua mkate wa mwisho. Zubairi alimngoja nyuma ya gereji, kofia mkononi.

"Lukman, hukuniambia baba yako ni Mzee Nasuru! Mama yangu alipokufa, mikate ya matanga ililetwa na gari hili hili. Na wewe ulitaka nilinunue?" Akamshika bega. "Ni uchungu tu, najua. Huna akili leo. Tunakwenda wote Walukuba kwenye dua."

Akawapakia shangazi zake wanne. Njia nzima shangazi waliomba dua, na Lukman aliitikia amina.

Jioni alimrudishia Hajarah ufunguo bila kumtazama.

"Simu yako imefanya kazi nzuri," alisema Hajarah. "Kesho uitie chaji."

Lukman angeweza kukimbia. Lakini tangu Jinja hadi Mbale hakubaki mtu wa kumuuzia saa; wote walimjua, kwa jina na kwa baba.

Sasa gari hutoka Walukuba saa kumi na moja na nusu alfajiri, na Lukman ndiye dereva. Kabla ya kuliwasha, hukaa kwenye kiti cha Mzee, redio ya Mzee ubavuni, akisikiliza nani amefariki.