Ulimi Mweusi na Kiti cha Mlangoni

Jumatatu, tarehe 3 mwezi wa tatu, 1975

Mgongo unaniua. Mwaka wa sita nabeba magunia ya mchele bandarini Kindu, mbali na kwetu Butembo. Lakini leo habari njema! Mlinzi wa ghala anarudi kwao Lubutu, kiti chake kiko wazi. Kiti! Cha kukalia! Kapita Kitenge, msimamizi wetu, amesema atampa mbebaji mgonjwa, mwenye karatasi ya munganga. Wagonjwa tuko wawili, mimi na mbebaji mwenzangu Musafiri. Musafiri ameanza kuchechemea leo mchana.

Jumanne, tarehe 4

Nimekwenda mtaa wa Kasuku kuuliza habari za munganga Mchina. Mama Mwanahamisi, muuguzi wake, ameniambia nije nimekula, nilale nimetulia. Munganga atashika mapigo ya mikono yote miwili, kisha atatazama ulimi. Ulimi njo unamwambia ugonjwa. Tena sindano zake hazina dawa ndani! Nimecheka peke yangu njia nzima. Sindano kavu itaponya nini? Nitapata karatasi na ugonjwa nitabaki nao. Salama kabisa!

Jumatano, tarehe 5

Nimetafuna makaa. Munganga ameona ulimi wangu, amewaita wenzake wawili. Fahari! Kisha ameupangusa kwa pamba. Mama Mwanahamisi ameniuliza, Papa Kakule, leo umekula jiko?

Hata hivyo mgongo wameushika, wameguna, wamenilaza kifudifudi. Sindano kumi na moja, nyembamba kama unywele! Musafiri, kitanda cha pili, amepata saba tu. Nimemwomba ahesabu kwa sauti. Maumivu hakuna, ni uzito tu, kama mtu anakukalia kiunoni polepole. Nimekoroma. Karatasi ninayo: asibebe!

Alhamisi, tarehe 6

Maumivu yamekwisha! Nimeinama, nimeshika vidole vya miguu, nimeimba! Nimekimbia na karatasi mpaka bandarini. Mlangoni gunia lilifunga njia. Nimelirusha begani kwa furaha, nimecheza nalo kidogo.

Kapita alikuwa nyuma yangu.

Musafiri amefika saa nne, na fimbo. Kiti ni chake. Ameniita kutoka kitini: sitwayeni, mwananchi mwenzangu, tembea pole, usiuchoshe mgongo wa Mchina.

Ijumaa, tarehe 7

Wanatafuta mpiga kengele wa bandari. Anakaa kutwa! Nimeanza kuumwa goti. Kesho narudi Kasuku, ulimi nitaupaka mawese. Mgongo ulipona kwa bahati tu. Sindano kavu haziwezi kumponya mtu mara mbili.

Nitaomba ishirini!